Banda la Diwani lina joto, na bado nina hasira

Mgeta, Jumapili jioni, Julai. Ukungu ulishuka jana mchana na haujaona sababu ya kuondoka. Nguo nilizofua Ijumaa bado zinachuruzika kwenye kamba. Hasira niliyolala nayo ndiyo niliyoamka nayo, na mchana huu imepata nyongeza.

Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeufunga. Mama yuko chumbani kwangu, amelala chali, mguu mmoja juu ya mto. Nataka kupiga kelele na siwezi, kwa hiyo nazipigia hapa.

Nianze na kobe, maana yote yalianzia kwa kobe. Au ndivyo nilivyodhani mpaka leo saa za mchana.

Diwani ni kobe wa marehemu baba. Baba alimpa jina hilo kwa sababu haonekani mpaka chakula kiwepo, na akishashiba humpati tena. Ameishi uani kwetu Mwembesongo, Morogoro mjini, tangu mimi sijaanza shule, na sasa gamba lake linajaa karai la zege. Kabla hamjauliza, maana mara ya mwisho nilipomtaja hapa mliuliza: kibali kipo, Baba alikihangaikia mpaka akakipata.

Kule Mwembesongo hakuhitaji nyumba. Alilala kando ya ukuta wa jirani ambao ulishika joto la mchana mpaka usiku, na asubuhi alitoka mwenyewe kwenda kutafuta jua. Hatukuwahi kufikiria kwamba kobe anaweza kuwa na shida ya makazi.

Baba alipofariki, Mama akasema anarudi kwao. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo inakungoja hata kama uliondoka ukiwa msichana na ukarudi una wajukuu. Mjomba alimkatia kipande chini ya shamba lake la njegere, chenye kijumba cha tofali. Mimi nikaomba uhamisho ili asikae peke yake, nikapata sekondari ya huku huku. Nafundisha baiolojia. Kaka yangu Pati akabaki na nyumba ya mjini.

Miaka yote tuliyokaa Mwembesongo, Mama alituringia milima yake. Joto likizidi alitucheka tunavyojipepea na madaftari. Kwao maji ni matamu, mtu anakunywa mpaka anasahau njaa. Kwao watu wanalala na mablanketi mazito na wanaamka na nguvu za kupanda mlima. Siku tuliyohamia, ndugu zake walikuja kumpokea, wakaanza kumtania kwamba mji umemlainisha, Juni haitaisha kabla hajakimbia. Mama akavua kanga ya mabegani mbele ya wote, akabaki na blauzi ya mikono mifupi, akawauliza ni nani hapa anayekimbia baridi.

Nilicheka sana siku ile. Leo sicheki.

Juni ilipofika, aliyekimbia baridi alikuwa Diwani, ila hakuwa na pa kukimbilia. Alianza kwa kuacha kula. Nilimletea majani ya karoti, kabichi changa, mpaka maua ya maboga niliyoomba kwa watu, na yeye akabaki amefumba macho. Pua ikaanza kutoa mapovu. Nilimwingiza jikoni karibu na mafiga, akapata nafuu kidogo, na ningemwacha hapo mpaka Septemba kama si kuanguka kwa Mama.

Alianguka jikoni na sufuria ya uji mkononi. Nilimkuta amekaa sakafuni, uji ukutani, kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Nilimuuliza imekuwaje. Akanionyesha Diwani kwenye kona yake na kusema kobe kampitia miguuni.

Sikuuliza la pili. Mama mtu mzima, kobe mzito, jiko dogo lenye giza. Nilimfunga mkono, nikamwangalia Diwani kwa chuki, nikaamua siku hiyo hiyo kwamba atoke nje. Na kwa kuwa nje ya Mgeta mwezi wa Juni kobe anakufa, ilibidi atoke na nyumba yake, na nyumba hiyo iwe na joto.

Hapo ndipo wendawazimu wangu ulipoanza.

Nilianza na simu. Kuna bwana mmoja Dar anauza nyumba za wanyama kwenye mtandao, za mbao, zimepigwa rangi, zina paa la mgongo na kibao cha kuandika jina. Nikamuuliza kama zina namna ya kupasha joto. Akajibu kwamba nitandike blanketi. Nikamwambia ni kobe. Akasema basi nitandike mablanketi mawili.

Hili la blanketi limenitesa mwezi mzima, acheni niliseme mara moja liishe. Blanketi halina joto. Blanketi linatunza joto la aliyejifunika. Wewe na mimi na mbuzi tuna moto wetu ndani, tukijifunika unabaki kwetu. Kobe hana. Joto lake lote anaazima nje, kwenye jua, kwenye mawe, kwenye udongo. Ukimfunika kobe aliyepoa, umepata kobe aliyepoa aliyefunikwa. Nilieleza hivi kwa bwana wa Dar, nikaeleza kwenye chumba cha walimu, nikamweleza bwana mifugo ambaye alinisikiliza kwa adabu kisha akauliza kama nimejaribu nyasi kavu. Mwalimu mwenzangu mmoja alijitolea kumfumia sweta. Walicheka mpaka kengele ikagonga. Mimi sikucheka, wakasema baridi imenibadilisha tabia.

Kaka Pati ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Alinitumia ujumbe wa sauti, nasikia kabisa anatafuna, akisema nimshushe kobe mpaka Mkuyuni kwenye joto, nimwachie kichakani, atajitafutia. Mnyama aliyelishwa mkononi na Baba tangu sisi tunanyoa vipara vya shule! Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wanafunzi wangu wengine wanausoma ukurasa huu.

Basi nikaenda kwa fundi Severini.

Severini ndiye anayejenga mabanda ya mbuzi wa maziwa na ya sungura huku juu kote, na anajenga vizuri, sitamdhulumu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye benchi lake, nikamweleza taratibu. Nataka banda fupi. Likae chini kabisa. Kuta ziwe nene, mlango mdogo, dari isipitishe upepo, kuwe na nafasi ya kuning'iniza taa. Kila nililosema aliitikia kwa kichwa. Nikaondoka nikiwa na furaha, nikamwambia Mama hatimaye nimempata mtu anayenielewa.

Nilirudi wiki iliyofuata baada ya vipindi. Banda lilikuwa tayari, zuri, mbao zimepigwa randa. Lilikuwa limesimama juu ya nguzo nne, sakafu yake usawa wa kifua changu. Na sakafu yenyewe ilikuwa ya fito zilizoachiwa nafasi, ili kinyesi kidondoke chini kiwe samadi.

Mbele kulikuwa na ngazi. Amejenga ngazi, jamani. Ya kobe.

Najua kwa nini alifanya hivyo. Huku kila mnyama analala juu. Ukilaza mbuzi chini kwenye huu unyevu, kwato zinaoza na kifua kinajaa, na samadi ni roho ya mashamba haya yaliyoning'inia. Kwa mbuzi, Severini yuko sahihi kabisa. Lakini nilimwambia kobe! Nilisema chini! Upepo wa mlimani ungepita kwenye zile fito ukampiga tumboni usiku kucha, na miguu yake ingezama kwenye nafasi akabaki amenasa mpaka asubuhi.

Nilipandisha sauti. Watu waliokuwa wanapita na matenga ya kabichi walisimama kusikiliza. Severini hakupandisha ya kwake.

"Mwalimu," aliniambia, "huku kinacholala chini kinakufa. Nimekujengea asife."

Nilimjibu kwamba atakufa akiwa juu. Akasema hajawahi kuona mtu anayegombana na fundi ili mnyama wake alale kwenye tope. Tulibishana mpaka tukachoka wote wawili, na mwishowe tukakubaliana kukata nguzo. Alikata kwa uchungu, naapa nilimwona anageuza uso. Akatandika mawe ardhini, juu yake tofali, akapigilia mbao juu ya fito kuziba nafasi. Kuta tukazifanya mbili mbili na katikati tukashindilia maranda ya karakana yake. Mlangoni akaning'iniza vipande vya mpira wa tairi, Diwani akisukuma vinafunguka, akipita vinajirudia. Kazi hiyo ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, ila hakuna kati yetu aliyemwambia mwenzake.

Joto nalo lina hadithi yake. Nilishuka Morogoro kununua taa nyekundu ya kulelea vifaranga, nikaizungushia wavu ili asiiguse, nikaning'iniza kipimajoto usawa wa gamba. Siku ya kwanza ilifanya kazi mpaka jioni, umeme ukakatika. Ya pili ukakatika kabla ya jioni, Diwani akafumba macho tena na mapovu yakarudi puani. Nilipiga teke ndoo ya watu. Mwisho nikapata njia: dumu la maji yaliyochemka kwenye kuni, limefungwa blanketi zito, linawekwa kwenye kona ya banda na kubadilishwa likipoa. Blanketi likapata kazi hatimaye.

Nilikuwa nawaza nani atabadilisha maji nikiwa shule. Mama akasema nimwachie yeye. Alilisema kwa haraka kidogo, na mkono bado ulikuwa na bendeji, lakini nilifurahi. Nilidhani amemsamehe Diwani. Kuanzia hapo nikirudi mchana namkuta huko huko bandani, amekaa kwenye gunia, anasema anampa kampani.

Ijumaa Diwani alikula. Alitoa shingo yote nje, macho wazi kabisa, akatafuna jani zima la kabichi mpaka kwenye uti. Jana alikunya. Sijawahi kufurahia kinyesi cha mtu yeyote namna hiyo, nilimwita Mama aje aone. Nilipitia kwa Severini kumwambia. Alisema vizuri, akaendelea kupiga randa.

Nikalala nikiwa mshindi, isipokuwa kile kihasira cha Pati na bwana wa Dar ambacho hakiishi.

Leo asubuhi nilichemsha maji, nikajaza dumu, nikalifunga, nikaliweka bandani, nikaenda misa. Mama alisema magoti yanamsumbua, atasali nyumbani. Niliporudi sikumkuta ndani. Nikazunguka nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye gunia lake mbele ya banda la kobe, mgongo umeegemea ukuta wa choo, kanga kichwani. Miguu yote miwili ilikuwa ndani ya banda mpaka magotini. Ile mipira ya mlangoni ilikuwa imemlalia juu ya mapaja. Diwani alikuwa nje, kwenye ukungu, anamwangalia.

Nilianza kwa kucheka. Kisha nikaona kobe aliyenusurika kufa juzi amesimama kwenye baridi ili mama yangu apate nafasi, na hasira ikanipanda. Nikamsema. Nilimsema vibaya, siyo sauti ya mtoto kwa mama yake. Nilimwambia mwezi mzima nimegombana na dunia kwa ajili ya hili joto na yeye analifungulia mlango. Mama akaanza kutoa miguu, mmoja mmoja, akiusaidia kwa mikono.

Hakuwa na soksi. Nilishtuka kwanza kwa hilo tu, maana tangu tuhamie sijawahi kumwona bila soksi. Huku kila mtu ana soksi na mabuti, nani angeshangaa. Kisha nikaona unyayo wa kulia.

Ngozi ilikuwa imeinuka, lengelenge kubwa kuanzia kisigino mpaka katikati, na pembeni limeshapasuka na kuacha nyama nyekundu. Nikachungulia ndani. Blanketi la dumu lilikuwa limesukumwa pembeni. Alikuwa amebandika mguu kwenye plastiki tupu, kwenye maji niliyoyatoa motoni yanachemka.

"Mama, mbona umejiunguza hivi?"

"Wapi?"

Alisema wapi. Kisha akainama, akauangalia mguu wake mwenyewe kwa mshangao, akaugusa na kidole, akaniangalia mimi nimweleze.

Nimekuwa na hasira na watu wengi mwezi huu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitisha namna lile neno lilivyonitisha.

Nilimbeba mpaka kwenye karo, nikauweka mguu chini ya maji ya bomba, na maji ya bomba ya Mgeta mwezi wa Julai yanauma mpaka kwenye mfupa. Hakuuvuta. Mimi vidole vyangu vilikufa ganzi kwa kuushika. Ndipo akaanza kuongea, bila kuniangalia, na nitaandika kama alivyosema kwa sababu sitaki kusahau.

Alisema miguu yake siku nyingi haijui moto wala baridi. Ilianza kwenye vidole, mjini, Baba bado yuko hai, akadhani ni viatu. Tulipokuja huku ikapanda, akadhani ni baridi imeingia.

"Nikaona kobe amepona kwa joto," alisema, "nikasema na mimi nijaribu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Siku ile ya uji, Diwani alikuwa kwenye kona yake. Hakunipitia. Mimi ndiye sikusikia sakafu iko wapi. Nilimsingizia."

Mwezi mzima. Mbao, maranda, taa, kelele mbele ya wapita njia, mnyama wa watu kafukuzwa kwenye joto la mafiga akachungulia kaburi, kwa kosa ambalo hakulifanya. Na nyuma ya hilo kosa la uongo kulikuwa na mguu usiohisi sakafu, na hakuna aliyeutafuta kwa sababu tulishampata mwenye makosa.

Nilimuuliza tena kwa nini. Safari hii nilikuwa nalia na sikujali.

Alisema angewaambia nini ndugu zake. Amewaringia wote, huku na kule mjini. Amevua kanga mbele yao. Mwanamke wa ukoo huu, aliyezaliwa kwenye huu ubaridi, anarudi kwao na msimu wa kwanza tu anaanza kulia miguu? Wangesema mji umemharibu. Mjomba angesema bora angebaki.

Nina hasira na ule utani wa kumpokea mtu nyumbani. Nina hasira na Mama, ndiyo, nimwogope nani, nina hasira naye mpaka masikio yananivuma. Mtu mzima na akili zake anaacha mguu uoze ndani ya soksi ili asichekwe na watu ambao wakisikia anaumwa watakuwa wa kwanza kufika na kuku.

Lakini yeye ni mgonjwa. Mimi je?

Mimi nafundisha baiolojia. Jumamosi zote nilimpima Diwani uzito kwenye mizani ya karoti ya Mjomba. Nilijua joto la banda lake asubuhi, mchana na jioni. Niliyaangalia macho yake, pua yake, ulimi wake. Na kwenye nyumba hiyo hiyo Mama alikuwa anakunywa maji kutwa nzima, anamaliza jagi na kuomba jingine, akisema kwao maji ni matamu, na mimi nikitabasamu. Nilimsikia anavyotoka kwenda msalani mara kwa mara, nikasema ni baridi. Nguo zake zimempwaya, nikasema ni huu mlima. Kidato cha tatu nimewaandikia ubaoni mambo haya haya, moja chini ya jingine, nikawaambia wayakariri yanatoka kwenye mtihani.

Najua maana ya mguu usiohisi maji yanayochemka. Jina lake sitaliandika hapa mpaka daktari aliseme.

Muuguzi wa zahanati amekuja, amesafisha kidonda na kukifunga. Mama hakukunja hata uso, na nilimwona muuguzi akiniangalia. Amesema tushuke hospitali Morogoro kesho, tusingoje kesho kutwa. Nimeongea na dereva wa lori la mboga linaloshuka alfajiri, ametupa nafasi ya mbele. Nimempigia Pati. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, nikamweleza tu, naye hakutafuna kitu wala hakucheka. Aliuliza lori linafika saa ngapi, akasema atakuwa barabarani.

Mama alinisikia nikiongea. Akaniita, akaniomba nimwambie Mjomba kwamba tunakwenda kumsalimia Pati. Nikamwambia hapana. Nitamwambia Mjomba ukweli, mimi mwenyewe, jioni hii.

"Utanitia aibu," alisema.

Nilimwambia aibu ninayo mimi tayari, inatutosha wote. Akageukia ukutani. Baadaye nilipopeleka chai nilimkuta anauangalia ule mguu uliofungwa, na nikajua kwamba anaogopa. Mama yangu sijawahi kumwona anaogopa kitu, hata siku tuliyomzika Baba. Nilikaa kitandani kando yake, nikamshika mguu mwingine, ule mzima, nikausugua na mikono yote miwili. Aliniuliza kama ni wa baridi. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi anashukuru, yeye hajui.

Nimekwenda kwa Mjomba. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani, akatoka na koti lake zito la mvua la kumfunika Mama kwenye lori. Hakusema neno lolote kuhusu mji. Hakukuwa na mzaha hata mmoja. Hiki ndicho alichokuwa anakiogopa Mama miezi yote hii, na kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Severini atakuja kubadilisha maji ya Diwani mpaka nirudi. Nilimwomba radhi kwa zile kelele. Alisema hakumbuki kelele yoyote, na alinidanganya, na nilishukuru.

Nje kunazidi kuwa na giza na ukungu haujasogea. Nimefunga begi la Mama. Nimeweka soksi, nikazitoa, nikaziweka tena.

Kobe sikuwahi kumuuliza kitu. Nilimgeuza, nikamchungulia macho, nikamshika miguu, nikampima. Mama nilimuuliza kila asubuhi, shikamoo Mama, umeamkaje, akasema salama, nikaokota mkoba wangu nikaenda kazini. Kuanzia kesho simuulizi. Nitapiga magoti, nimvue soksi, niangalie mwenyewe.